Muhuri wa Boma Juu ya Mashahidi Wanne

Mpendwa Mshauri,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba ufunge mlango, na kama kuna mtu karibu umwambie atoke kidogo, kwa sababu neno lolote la barua hii likivuja nitavuliwa ukarani na kuchapwa viboko uwanjani mbele ya watu wale wale wanaoniamkia kila asubuhi, na hata hivyo viboko sivyo ninavyoviogopa zaidi, ninachoogopa ni mjomba wangu kuyasikia haya kwa kinywa cha mtu mwingine. Usiichape. Usimwonyeshe hata yule anayepanga herufi. Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa shuleni, na nimeona jinsi unavyowakemea watu bila kuwacheka, ndiyo maana nimethubutu.

Mimi ni karani katika boma ambalo sitalitaja, huku Ugogo, na kwetu ni Mkonze. Umri wangu ni miaka ishirini na miwili. Baba alikufa nikiwa mdogo, akanilea mjomba wangu Matonya, kaka wa mama, na misheni walipofungua shule yeye ndiye aliyesema niende, ingawa wakati ule hakuwa mtu wa kanisa na wenzake walimcheka, akachunga mbuzi mwenyewe kwa miaka saba, mtu mzima mwenye mvi, kazi ambayo ilikuwa yangu. Haya nayaandika kwanza ili ujue ubaya huu nimemtendea nani.

Kazi yangu bomani ni kuandika mashauri. Watu wakigombana juu ya shamba au mnyama, nawasikiliza mashahidi mmoja mmoja, wengine wakiwa wamekaa mbali wasisikie, nayaandika maneno ya kila mmoja katika karatasi ya Serikali yenye mistari, kisha nayalinganisha na kupiga alama ya penseli nyekundu kila wanapotofautiana, ili Bwana Shauri, ofisa anayeyaamua mashauri, aone kwa kutupa jicho mara moja, maana hana subira. Akikuta alama tatu anasema shauri limetupwa, napiga muhuri, na wenye shauri wanakwenda zao. Mashauri yakitupwa mengi ananiuliza kama mimi ni karani au mpumbavu, kwa hiyo nimejifunza, naona aibu kuliandika hili, kumuuliza shahidi wa pili kwa maneno ya shahidi wa kwanza, naye kwa hofu anaitikia ndiyo bwana, na karatasi inakuwa safi. Mwaka jana walikuja watu watatu kutoka upande wa Ipagala juu ya ugomvi wa kisima, wakasema neno kwa neno kama watoto wa darasa moja, Bwana Shauri akawasifu na kuwapa haki, na baadaye tukajua kwamba walikuwa wamefundishwa siku mbili nyumbani kwa jumbe wao, mkuu wa kijiji.

Jioni baada ya kazi tunakaa barazani kwa Mustapha, muuza kahawa, karibu na reli. Rafiki yangu hapo ni Yahaya, karani mwenzangu, mtu wa Kondoa, amesoma chuo cha Kurani na baadaye shule ya Serikali huko pwani, na sisi hutaniana kila siku, yeye juu ya kanisa langu na mimi juu ya ndevu zake ambazo hazitaki kuota. Siku moja akanigeukia watu wakiwa wengi.

"Karani," akasema, "wewe unawatupia watu mashauri yao kwa sababu mashahidi wawili hawapatani. Ninyi kanisani mnao wanne. Umewahi kuwapitisha kwenye penseli yako nyekundu?"

"Atawapitishia wapi," Mustapha akadakia, "penseli yake inawaogopa mapadri!"

Watu wakacheka, na mimi nilicheka pia lakini moyoni nilichomwa, kwa sababu pale barazani mimi ndiye ninayesifiwa kwa kusoma, na nilitaka waone kwamba siogopi karatasi yoyote. Bwana Shauri alikuwa amesafiri kwenda kuwinda magharibi. Jumamosi mchana, wenzangu wakiwa wameondoka, nikachukua karatasi ya Serikali, nikaandika juu yake shahidi wa kwanza Mathayo, wa pili Marko, wa tatu Luka, wa nne Yohana, nikawasikiliza mmoja mmoja kama ninavyowasikiliza watu wa mashamba. Malaika kaburini: mmoja anasema mmoja, mwingine anasema kijana mwenye vazi jeupe, wawili wanasema wawili. Wanawake waliokwenda asubuhi ile: majina hayalingani. Vipofu wa Yeriko: mmoja au wawili. Saa ya kusulubiwa: Marko anasema saa tatu, na kwa Yohana saa sita hukumu ilikuwa bado. Baba yake Yusufu: Yakobo au Heli. Kifo cha Yuda: Mathayo anasema alijinyonga, na Luka katika Matendo anasema alianguka akapasuka. Na wale wanafunzi waliotumwa kuhubiri: Marko anasema waliruhusiwa kuchukua fimbo, Mathayo na Luka wanasema hata fimbo wasichukue. Nilianza huku nikitabasamu. Nilipofika alama ya tisa mkono ulikuwa umepoa, nikajiuliza mbona sikuyaona haya miaka saba yote, lakini sikuacha, nikafika kumi na moja. Chini nikaandika: Mashahidi hawapatani. Shauri limetupwa. Na kwa sababu muhuri ulikuwa mezani pangu na wino wake ulikuwa haujakauka, Mshauri, nikaupiga.

Jumatatu jioni nikaisoma kwa Mustapha. Sikuisoma tu, niliiigiza, nikainua kidevu kama Bwana Shauri.

"Marko! Simama! Aliwaambia wachukue fimbo?"

"Ndiyo, bwana!" Mustapha akaitikia kwa sauti nyembamba ya mtu mwenye hofu.

"Mathayo! Aliwaambia wachukue fimbo?"

"Hapana, bwana!"

"Tupa nje wote wawili!"

Wakapiga mapaja yao kwa kicheko. Nikawaonyesha muhuri nikawaambia kwamba kwa kuwa bwana yuko safarini, mimi ndiye boma. Nilipoinua macho nikamwona mjomba Matonya amesimama pembeni ya baraza, amebeba kibuyu cha asali aliyoniletea, sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Hakuwa amecheka wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyeitwa bomani.

"Mpwa wangu," akasema, "hicho kilichopigwa hapo chini ni muhuri wa boma?"

Kicheko kikakatika. Ningesema hapana mjomba, ni mzaha wetu tu, yangeishia hapo. Lakini watu walikuwa wananitazama, na dakika moja tu iliyopita nilikuwa nimewaambia kwamba mimi ndiye boma.

"Ndiyo, mjomba. Ni wa boma."

"Basi imekwisha," akasema. "Nipe niwaonyeshe wazee."

Akaweka kibuyu miguuni pangu, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaikunja polepole kama mtu anayekunja nguo ya sikukuu, akaenda zake. Yahaya akanishika mkono. Hakuwa na utani tena.

"Mimi nilikutania juu ya kitabu chako," akasema, "sikukuambia ukipigie muhuri. Mfuate mzee."

"Nitamfuata kesho."

"Mfuate sasa hivi, ndugu yangu."

Sikumfuata. Nilikaa, nikanywa kahawa ambayo sikuisikia ladha, na kesho yake pia sikwenda.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili si mzaha. Mjomba wangu ni mwanafunzi wa ubatizo mwaka wa tatu. Kila juma anatembea kutoka Mkonze mpaka darasani, amejifunza kusoma kwa kufuata herufi kwa kidole, na mwaka jana baada ya mavuno wazee wenzake walipokwenda kutambika kwenye makaburi ya mababu alikataa kwenda nao, wakamtenga, wengine mpaka leo hawaketi naye, akavumilia. Alikuwa abatizwe Pentekoste hii. Kwetu karatasi yenye muhuri wa boma haijadiliwi, ikisema lipa watu wanalipa, ikisema hama wanahama, na mjomba wangu ameamini kwamba Serikali imewasikiliza mashahidi wa Injili na kuwakataa. Amewaambia wazee kwamba wao ndio waliokuwa na haki, na mwezi ujao atakwenda nao makaburini. Karatasi ameiweka darini katika tembe yake, nyumba yetu ya paa la udongo, na jumbe wa huko ameiona, naye anasema Bwana Shauri akirudi ataipeleka bomani aulize kama amri hiyo inawahusu watu wote.

Mwalimu Yotham, anayefundisha darasa la ubatizo, alikuja kunitafuta bomani. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

"Marahaba, mwanangu. Matonya ameacha darasa," akasema. "Anasema Serikali imekikataa kitabu. Wewe uko hapa, kuna amri ya namna hiyo?"

"Sijaisikia, mwalimu."

"Ananiuliza swali moja tu, nami nimeshindwa kumjibu vizuri. Anasema, kama hawapatani hata juu ya fimbo, watapatanaje juu ya mtu kufufuka? Wewe ni wa damu yake na umesoma. Twende wote Jumamosi ya juma lijalo ukamweleze. Jumapili inayofuata majina ya wabatizwa yanasomwa, na lisiposomwa lake itabidi angoje mwaka mwingine, kama atangoja."

Nikasema nitaangalia nafasi. Hivyo nimemdanganya mjomba mara moja na mwalimu mara moja, na wote wawili ni watu walionifundisha kusema kweli.

Nimewaza njia moja, na imenikaa kichwani. Nimekwisha kuandika karatasi ya pili, imo katika droo yangu, haijapigwa muhuri bado. Inasema: Shauri limesikilizwa upya. Mashahidi wamepatana. Kitabu kimekubaliwa. Nikiipiga muhuri na kumpelekea mjomba kwa tarishi ataitii kama alivyoitii ya kwanza, atarudi darasani, atabatizwa, na hatajua kamwe. Kisha nitamwomba anirudishie ile ya kwanza kwa kuwa imefutwa. Naona ni njia ya kumwokoa, lakini kila nikishika muhuri nasikia kichefuchefu.

Kwa hiyo nakuuliza, je, niipige? Na nikuulize lingine ambalo sijamwuliza mtu yeyote. Zile alama kumi na moja sikuzitunga, zimo. Zina majibu? Maana kama hazina, mimi mwenyewe sijui tena ninachoimba Jumapili, na sina haki ya kumrudisha mjomba wangu mahali ambapo mimi mwenyewe sijui kama bado nimesimama.

Ukinijibu, usiandike jina langu wala neno boma juu ya bahasha. Andika hivi: Mwanahawa binti Mbwana, mpika uji, karibu na stesheni, Dodoma. Yeye hajui kusoma, na hakuna anayeshughulika na barua zake. Ndani weka bahasha ya pili isiyoandikwa kitu. Itume kwa gari la moshi linalofika Ijumaa, siyo la Jumanne, maana mfuko wa barua wa Jumanne unafunguliwa mezani kwangu askari wakiwa wamesimama. Mwanahawa ataificha chini ya sufuria zake tupu, nami nitapita asubuhi kununua uji.

Mimi mwenye aibu,
Karani


MAJIBU YA MSHAURI

Karani,

Mlango nimeufunga. Barua yako imo katika sanduku langu, haijafika kwenye chumba cha wapanga herufi, na haitafika mpaka wewe mwenyewe uniandikie kwamba sasa ichapwe. Siku hiyo nitaitoa pamoja na majibu haya, na majina ya watu nitayabadili. Basi tulia, maana nitakukemea.

Kwanza fungua droo. Itoe karatasi ya pili uichane, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Umeichana? Vema. Ulipiga muhuri usio wako ili kuitoa Injili nje, na sasa ulitaka kupiga muhuri usio wako ili kuirudisha ndani, ukauita huo wokovu. Mjomba wako akirudi darasani kwa karatasi ile, atakuwa ameitii Serikali tu, kama anavyoitii inapomwambia alime barabara. Na siku bwana mwingine akija na amri nyingine, ataacha tena. Kichefuchefu chako kina akili kuliko kichwa chako, kisikilize.

Sasa alama zako. Usidhani nitakukemea kwa kuzihesabu. Kusoma kwa makini si dhambi, na mtu aliyekuambia kwamba maandiko haya hayana hata tofauti moja alikutayarishia anguko, ingawa alikuwa na nia njema. Nimeziweka Injili zote nne wazi mezani pangu nikazipitia pamoja na orodha yako, siku mbili, na nitakuambia nilichokiona bila kukipamba.

Nyingi hata wewe ungezipita kama Bwana Shauri wako asingekuwa na haraka. Marko anamtaja kipofu mmoja kwa jina lake, Bartimayo, na Mathayo anasema walikuwa wawili. Anayemtaja mmoja hajasema kwamba hakuwa na mwenzake. Nenda leo kawaulize watu wa baraza lenu nani alikuwepo siku uliposoma karatasi yako. Mmoja atasema Yahaya. Mwingine atasema Yahaya na mzee mmoja wa Mkonze. Wa tatu atamkumbuka mzee peke yake, kwa sababu uso wake haujamtoka. Utampigia nani alama nyekundu? Na wanawake wa asubuhi ile ni hivyo hivyo. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake, lakini msikilize anapowakimbilia wanafunzi: anasema hatujui alikowekwa. Mtu aliye peke yake angesema sijui.

Ziko nyingine ambazo watu wenye elimu wamezitafutia njia. Juu ya saa, wanasema huenda waandishi hawa walihesabu kwa desturi mbili, kama sisi tunavyosema gari limefika saa mbili asubuhi na bwana wa stesheni akaandika saa nane. Inawezekana. Sina uhakika, na wewe usimpelekee mjomba wako uhakika ambao mimi sina. Juu ya Yuda wanasema kamba ilikatika ndipo akaanguka. Inawezekana pia, lakini kumbuka kwamba habari ya kamba kukatika ni yetu, haikuandikwa na yeyote kati ya wale wawili. Juu ya baba yake Yusufu yapo majibu matatu ninayoyajua, na kwa kuwa ni matatu naona hakuna aliyeridhika.

Na fimbo? Hapo nimekwama kama wewe. Nimesoma mtu anayesema moja ilikuwa ya kutembelea na nyingine ya kupigania. Labda. Marko na Mathayo hawakuniambia hivyo, na sitaki kuwawekea maneno kinywani ili karatasi yangu iwe safi. Kazi hiyo unaijua wewe.

Na hapa, kijana, nimeshangaa kwamba hukuliona jambo lililo mbele ya pua yako, wewe kuliko watu wote. Umeniandikia kwa mkono wako jinsi mashahidi wanavyopatanishwa. Unamuuliza wa pili kwa maneno ya wa kwanza, na kazi inakwisha katika mchana mmoja. Umeniandikia habari za watu watatu wa kisima waliosema neno kwa neno, na unajua walitoka wapi. Sasa nijibu: waliozikusanya Injili hizi nne walikuwa na miaka mingi, kalamu, na sababu zote za kuogopa watu kama Yahaya na kama wewe. Kuifuta fimbo ya Marko kungewachukua muda gani? Kumwongeza malaika mmoja hapa au kumpunguza pale? Waliziona tofauti hizi kabla babu wa babu yako hajazaliwa, wakaziacha. Wakatuletea wanne, kila mmoja na maneno yake.

Sisemi kwamba hilo linathibitisha kila neno waliloandika. Nasema linaonyesha kwamba hawakufundishwa nyumbani kwa jumbe. Ukitaka kuwapima, wapime kama karani mwaminifu: yaandike pia yale wanayopatana. Karatasi yako ilikuwa na alama kumi na moja za tofauti na haikuwa na hata mstari mmoja wa mapatano. Wanne wote wanasema alikufa, akazikwa, wanawake wakatangulia kufika, kaburi likawa tupu. Hata wale watatu wanaogombana juu ya fimbo wanapatana kwamba waliotumwa walikwenda bila mfuko, wakiutegemea mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Hukuandika hayo kwa sababu hayangechekesha kwa Mustapha.

Umeniuliza kama wewe bado umesimama. Mkono wako ulipopoa kwenye alama ya tisa, ulikuwa unamwogopa nani? Bwana Shauri alikuwa safarini. Endelea kusoma. Soma polepole, bila wasikilizaji. Na Jumapili ukishindwa kuimba, kaa kimya kanisani, lakini nenda.

Sasa mjomba wako. Usimngoje mwalimu Yotham. Ukienda naye utajificha nyuma ya mgongo wake, na Matonya atakuwa anajibizana na mwalimu badala ya kukusikia wewe. Nenda peke yako. Usichukue zawadi, zawadi mkononi itamfanya akukaribishe kabla hujastahili. Mwamkie, mwombe mkae ndani mbali na majirani, na useme kwa Kigogo, kwa maneno ambayo hayana pa kujificha: mjomba, Serikali haikusikiliza shauri lolote. Ni mimi niliyeandika, ni mimi niliyepiga muhuri, nilitaka watu wacheke pamoja nami, na uliponiuliza nilikudanganya. Kisha nyamaza. Usieleze jinsi ulivyokuwa na hofu. Habari za hofu yako ni zako.

Akikuuliza juu ya fimbo, na atakuuliza, mwambie hujui. Mwambie na mtu wa gazeti naye hajui. Kisha chukua Injili, umsomee habari hiyo kwa Marko, kwa Mathayo na kwa Luka, yote, bila kuruka kitu, umwache apime. Mzee huyo ameketi katika mabaraza ya ukoo tangu kabla hujazaliwa, amesikia mashahidi wa kweli na wa uongo wengi kuliko wewe, na hakuwahi kuhitaji penseli. Wewe ulimhukumia kana kwamba yeye hawezi kuhukumu. Hilo ndilo kosa lako kubwa, kuliko muhuri.

Na akimaliza kusikiliza akasema bado atakwenda makaburini na wenzake, usimshike mkono wala usilie mbele yake. Ni mtu mzima na mababu ni wake. Uliloharibu ni kwamba alichagua kwa karatasi ya uongo. Ukimwondolea uongo, kuchagua ni kwake, na mwalimu Yotham umweleze hivyo wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo, na kwamba ulimdanganya. Jumbe naye mwambie mwenyewe kwamba karatasi ile si amri. Usimwachie mjomba wako kazi hiyo. Bwana Shauri sikushauri umkimbilie, lakini akikuuliza, jibu kweli. Na kuanzia kesho kila shahidi anayekaa mbele yako mwache aseme kwa maneno yake, hata karatasi ikijaa wekundu, hata ukiitwa mpumbavu.

Limebaki moja, nalo najua ndilo ulilotaka kuliko yote. Karatasi. Usimwombe akurudishie. Iko mkononi mwake na iendelee kuwa mkononi mwake mpaka yeye mwenyewe aamue kuichoma, kukupa, au kumpa jumbe. Ulipokuwa na nguvu juu yake hukumhurumia. Keti chini mbele yake, uone inavyokuwa kumngoja mtu mwingine aamue.

Barua hii itakufikia Ijumaa. Siku ya pili yake ni Jumamosi, na mwalimu Yotham atakuja kukutafuta mchana. Wewe uwe umekwisha kuondoka alfajiri, umkute Matonya kabla hajafungulia mbuzi.

Mshauri